Ziara za familia gerezani: tuanze na umbali

Kifungu cha 51 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kwamba mtu aliyefungwa au kuzuiliwa kisheria hubaki na haki zake za kimsingi, isipokuwa zile zisizopatana kabisa na hali ya kuzuiliwa kwake. Kuketi na mwanao kwa saa moja hakupingani na kifungo. Ndiyo maana wanaotaka ziara za ana kwa ana ziongezwe husema kwamba anayepaswa kutoa sababu ni anayekataa, wala si anayeomba. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ila naona kwamba hesabu ya siku na dakika imefunika jambo lililo zito zaidi.

Familia ya Kisumu mjini ambayo mtu wake amefungwa katika gereza la Kodiaga hupanda matatu ya barabara ya Busia, na siku hiyohiyo ikarudi kwenye shughuli zake. Familia ya Busia ambayo mtu wake yuko katika gereza kuu la Naivasha husafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda tu, kwa nauli ambayo pengine imekopwa, ili ipate mazungumzo mafupi mbele ya askari. Ukiziongezea zote mbili siku za kutembelea, umeisaidia ile ya kwanza peke yake. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, hazikusahau hilo: kanuni ya 58 inataka mfungwa atembelewe mara kwa mara, na ya 59 inataka afungwe, kadiri iwezekanavyo, karibu na kwao. Bila ya pili, ya kwanza huwa haki ya wenye nauli.

Ushahidi wa manufaa ya ziara upo, ingawa unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Utafiti wa idara ya magereza ya jimbo la Minnesota, Marekani, uliotolewa mwaka 2011, ulifuatilia wafungwa 16,420 walioachiliwa kati ya 2003 na 2007, ukaona kwamba uwezekano wa kutiwa hatiani tena ulipungua kwa asilimia 13 miongoni mwa waliotembelewa. Bila shaka mfungwa anayetembelewa huenda tayari ana nyumba inayomngoja, na si rahisi kutenganisha athari ya ziara na athari ya nyumba hiyo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba ziara za ndugu, baba na viongozi wa dini zilionekana kusaidia, ilhali zile za wenzi walioachana na mfungwa ziliandamana na ongezeko la hatari.

Hapo ndipo penye hoja nzito ya upande wa pili. Tunaposema familia, tunawaza mama aliyebeba chakula na watoto waliovalishwa nguo safi. Lakini wapo waliofungwa kwa kumpiga mke au kumnajisi mtoto wa nyumba yao wenyewe, na kwao jamaa anayeitwa gerezani ndiye aliyeumizwa. Mtoto hawezi kukataa anaposhikwa mkono na shangazi yake kupelekwa "kumsalimia baba". Nayo familia iliyozika mtu wake ina haki ya kuuliza kwa nini serikali igharimie faraja ya aliyemuua. Swali hilo la mwisho sioni kwamba linaondoa haki ya mfungwa, kwa kuwa adhabu aliyopewa na mahakama ni kunyimwa uhuru, na mtoto wake hakuhukumiwa. Lile la watoto walioumizwa, hata hivyo, linahitaji kanuni madhubuti: idhini ya mlezi, tathmini ya afisa wa watoto, na mtoto mwenyewe kusikilizwa.

Hoja ya usalama, kwamba wageni huingiza vitu vilivyokatazwa, naiona nyepesi kidogo. Kweli simu na bangi huingia magerezani, na Mkenya aliyewahi kupokea ujumbe wa kitapeli wa "ile pesa tuma kwa namba hii" kutoka gerezani hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini wafungwa watatu wa ugaidi walipotoroka gereza la Kamiti mnamo Novemba 2021, miongoni mwa waliotiwa mbaroni walikuwa askari jela. Kumpekua mgeni ni lazima. Kumfanya yeye peke yake mshukiwa ni kukwepa kazi.

Kwa wanawake jambo hili ni la haraka zaidi. Sheria inaruhusu mtoto kukaa na mama yake gerezani hadi afikishe miaka minne, kisha hutolewa, na kuanzia siku hiyo kukutana kwao hutegemea ni nani atakayekubali kumleta.

Kwa hiyo upanuzi ningeuanzia kwenye uhamisho: mfungwa aliye mbali na kwao awe na njia ya kuomba kusogezwa karibu, na akikataliwa apewe sababu kwa maandishi. Pingamizi la msongamano ni la kweli, kwani magereza ya magharibi hayana vyumba vitupu vinavyosubiri wageni kutoka Naivasha, na wengine hawatahamishika kwa sababu za ulinzi. Hao wapewe ziara chache zilizo ndefu, kwa mfano saa mbili kwa mwezi, na simu ya video iwe nyongeza tu, isije ikageuzwa kisingizio cha kufunga lango kama lilivyofungwa wakati wa korona mwaka 2020.