Tai ya Shingoni Katikati ya Bahari ya Karibi?

Jamani, nani aliyeamua kwamba samaki haliki bila tai? Umelipia likizo, umepandia meli ya kitalii Miami, kutwa nzima uko bwawani na kaptula na ndala. Ikigonga saa kumi na mbili jioni, haya, "usiku rasmi"! Suti, gauni refu, viatu vya kubana vidole, na sakafu yenyewe inayumba. Ndege imekupa kilo 23 za mzigo, nusu zimeliwa na koti la kuvaa mara mbili! Halafu kuna ule usiku wa "nadhifu lakini si rasmi". Ndiyo nini sasa? Jinzi inapita? Mlangoni mwa ukumbi wa chakula kijana anakukagua magoti kama afisa uhamiaji. Wenzangu, twendeni zetu bufee ghorofa ya juu. Kule hata mwenye kaptula anapakua mara tatu.