Kihispania kwa Michezo: Mtoto Anacheza, na Lugha Je?

Tangu Septemba 2014, shule za msingi za serikali nchini Uingereza zinazofuata mtaala wa taifa zinalazimika kuwafundisha lugha ya kigeni watoto wa miaka 7 hadi 11. (Ninasema England yenyewe, Scotland na Wales wana utaratibu wao.) Shule hujichagulia lugha. Kifaransa ndicho kilichozoeleka, lakini Kihispania kinapanda: mwaka 2019 watahiniwa wake wa A-level, mtihani wa kumaliza sekondari ya juu, waliwazidi wa Kifaransa kwa mara ya kwanza. Basi mtoto wa Waswahili anayekulia Leicester au Reading anarudi nyumbani akiimba rangi na namba kwa Kihispania, na mzazi anajiuliza kama hilo ni somo au ni mapumziko.

Wanaotetea michezo wana hoja nzito. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alieleza njia ya kufundisha lugha kwa amri na vitendo. Mwalimu anasema levántate, watoto wanasimama, siéntate, wanakaa, salta, wanaruka. Hakuna anayelazimishwa kusema kitu kabla hajawa tayari. Wengi wetu tulioingia chekechea na lugha ya nyumbani tu hatuhitaji kushawishiwa juu ya hili, maana Kiswahili chenyewe tulikianza kwa kusimama, kukaa na kurukaruka. Mwili ulielewa kabla mdomo haujafunguka.

Upande wa pili unaanza na hesabu. Mwaka wa shule Uingereza una siku 190, yaani wiki 38. Shule inayotenga nusu saa kwa wiki inampa mtoto saa 19 kwa mwaka, saa 76 kwa miaka yote minne. Sasa chukua ule mchezo wa kurushiana mpira, kila anayedaka ataje rangi. Darasa lina watoto 30, mchezo ni wa dakika kumi: kila mtoto ana sekunde ishirini, na nyingi zinaliwa na mpira ulioviringika chini ya meza. Bingo, ule mchezo wa kufunika picha au namba zinazotajwa, ni mbaya zaidi. Mtoto anaweza kushinda bingo bila kutamka neno hata moja la Kihispania.

Halafu kuna utafiti wa Barcelona ulioongozwa na Carmen Muñoz. Uliwalinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza wakiwa na miaka 8 na walioanza wakiwa na miaka 11. Wote walipokwisha kupata idadi ileile ya saa za darasani, waliochelewa ndio waliokuwa mbele kwa sehemu kubwa. Wapinzani wa michezo huushika utafiti huu kama silaha, ila mimi naona unakata pande zote mbili. Unaonyesha kwamba kuanza mapema hakuna baraka ya peke yake kama saa ni chache. Hausemi kwamba saa hizo zingefaa zaidi kwa kunakili majedwali ya vitenzi. Mtoto wa miaka minane atavumilia jedwali wiki mbili, ya tatu ataanza kuichukia lugha.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya msamiati. Mtihani mpya wa GCSE, ule wa wanafunzi wa miaka 16 hivi, unaofanywa kuanzia 2026, umejengwa juu ya orodha za maneno: takriban 1,200 kwa ngazi ya chini na 1,700 kwa ngazi ya juu, mengi yakiwa yale yanayotumika mno katika lugha. Hapo utakuta tener, querer, poder, hacer, ir: kuwa na, kutaka, kuweza, kufanya, kwenda. Michezo ya shule ya msingi, kwa mazoea, hukusanya nanasi, tembo na zambarau. Mtoto anamaliza miaka minne akiwa na kapu la nomino na hana kitenzi cha kuzisogeza, kisha sekondari inamwanzisha upya na hola, me llamo (hujambo, naitwa).

Lakini hapo wa kulaumiwa ni aina ya mchezo uliochaguliwa. Wape watoto wawiliwawili karata za wanyama, picha kwenye kila karata, wanne wanne wa kila aina. Sheria ni moja: hupati karata bila kuuliza. ¿Tienes un tigre? (Una chui milia?) Mwenzake anajibu sí, tengo (ndiyo, ninaye) au no, no tengo (hapana, sina). Tembo na chui milia ni mizigo tu. Kinachorudiwa mara hamsini ni kitenzi, kwa nafsi mbili, kwa sababu mtoto anaitaka karata. Nusu ya darasa inasema kwa wakati mmoja, na kelele ni lazima. Ongeza rangi na ghafla upatanisho unaingia: gato negro (paka mweusi), vaca negra (ng'ombe mweusi). Mtoto aliyezoea ngeli nyumbani hashangai kivumishi kikifuata nomino na kubadilika kwa ajili yake.

Kuna jambo ambalo mchezo hauwezi kulitibu. Walimu wengi wa shule za msingi hufundisha masomo yote, na si kila mmoja amesoma Kihispania. Akiitamka piña, yaani nanasi, kwa n kavu, darasa zima litaiimba hivyo kwa furaha, na kosa lililoimbwa hung'ang'ania. Mzazi wa Kiswahili anaweza kusaidia hata kama hajui lugha yenyewe: irabu ni zetu zilezile tano, ñ ni ny ya nyama, na j haiko mbali na kh ya kheri kama wanavyoitamka watu wa pwani.

Kuhusu watoto wenye haya, kila upande unadai unawatetea. Mashindano ya timu huwaumiza kweli. Nani anataka kuikosesha timu pointi kwa neno asilolijua? Ila kuitwa ubaoni peke yako si nafuu. Mchezo wa mbwamwitu unawafaa zaidi. Mtoto mmoja ni mbwamwitu, darasa zima linamuuliza ¿qué hora es, señor Lobo? (saa ngapi, Bwana Mbwamwitu?), linapiga hatua kadiri ya saa iliyotajwa, na akijibu kwamba ni wakati wa kula, wote wanakimbia. Swali linasemwa kwa pamoja, hivyo sauti ndogo inajificha ndani ya sauti kubwa. Ila ni mbwamwitu mmoja tu anayetaja saa, kwa hiyo mwalimu ambadilishe kila raundi, na yule mwenye haya asubiri mpaka raundi ya nne au ya tano, akishazisikia namba za kutosha.