Wanafunzi wanasema barazani, nani anawajibu?

Shule nyingi za sekondari za serikali Tanzania zina baraza. Wanafunzi hukusanyika bwaloni au chini ya mti, meza kuu anakaa mkuu wa shule na makamu wake, mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa taaluma, na kaka mkuu anaongoza kikao. Wa kidato cha pili anasimama na kusema maharage yana wadudu. Wa kidato cha tatu anasema vyoo vya wasichana havina maji tangu mwezi uliopita. Mwingine anauliza mwalimu wa fizikia atapatikana lini. Meza kuu inajibu kwamba hoja zimepokelewa na zitafanyiwa kazi. Muhula unaofuata maharage yanarudi kwenye ajenda, na aliyeuliza habari za fizikia hasimami tena.

Kama mtoto ana haki ya kusikilizwa, hilo halina mjadala tena. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake, na kabla yake ulikuwapo Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ibara ya 12. Ubishi uliobaki ni wa utendaji: wasikilizwe kwa njia gani, katika mambo gani, na mwenye neno la mwisho ni nani?

Walimu wanaosita wana hoja nzito, na si haki kuwaita wakoloni wa darasani. Mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi zaidi ya 60 kila mmoja anapimwa kwa matokeo ya mtihani wa taifa. Kila saa ya baraza kwake ni kipindi kilichopotea. Anajua pia kwamba wanafunzi humpigia kura anayeahidi kufuta mchakamchaka na masomo ya jioni. Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa haki za mtoto hulipita haraka: mwalimu mwenyewe mara nyingi hana mahali pa kusemea kuhusu kupandishwa daraja kulikochelewa au nyumba inayovuja. Kumtaka aketi akosolewe na watoto mbele ya mkuu wake, ilhali yeye hasikilizwi na yeyote, kunazaa kinyongo, na kinyongo hicho humwangukia aliyesimama kusema.

Kenya inatufundisha mengi kwa sababu ilijaribu mapema na kwa upana. Mei 1999, katika shule ya wavulana ya Nyeri, viranja wanne waliuawa kwa moto uliowashwa na wanafunzi wenzao. Machi 2001 bweni la Kyanguli, Machakos, liliteketea na wavulana 67 wakafa. Viranja wa enzi hizo waliteuliwa na walimu, wakaadhibu kwa niaba yao, na wenzao wakawaona kama askari. Kuanzia 2009 shule za sekondari zikahimizwa kuwa na mabaraza yanayochaguliwa na wanafunzi wenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaenda mbali zaidi: kifungu cha 56 kinampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi kwenye bodi ya usimamizi ya shule.

Hata hivyo mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa. Wanaopinga mabaraza hushika mfano huu kwa mikono miwili, na wana sababu, maana kama sauti ingekuwa dawa ya moto, moto ule usingewaka. Lakini tuangalie mwaka ule ulikuwaje. Baada ya mitihani ya 2015 kuvuja vibaya, wizara ilibadilisha kalenda: muhula wa tatu ukafupishwa, na ziara za wazazi katika muhula huo zikapigwa marufuku ili kufunga njia za wizi wa mitihani. Nia ilikuwa njema, na mwanafunzi aliyesoma kwa jasho lake alinufaika. Naamini wanafunzi wangeulizwa wangekataa, na wizara ingekuwa sahihi kuendelea. Ila baraza lililo hai lingepokea maelezo mapema, likapeleka sababu madarasani na kurudisha hasira ikiwa bado ni maneno. Shule ambayo baraza lake lilikuwa viranja walewale kwa jina jipya haikuwa na njia hiyo. Mwanafunzi hahitaji kushinda kila hoja. Anahitaji jibu lenye sababu, na alipate kwa wakati.

Kwa kipimo hicho, mabaraza mengi yetu yanavuja sehemu nne.

Ya kwanza ni mchujo wa wagombea. Walimu hukata majina kabla ya kura kwa vigezo vya nidhamu na ufaulu. Kigezo cha nidhamu kinaeleweka kikiwa kimeandikwa, mfano kutosimamishwa shule ndani ya mwaka. Kisipoandikwa hugeuka kuwa "huyu ana mdomo", na anayekatwa ndiye wenzake wangemtuma. Kigezo cha ufaulu hakina utetezi mzuri: anayeshika nafasi ya 40 anakula maharage yaleyale.

Ya pili ni lugha. Shule nyingi huendesha baraza kwa Kiingereza ili wanafunzi wapate mazoezi. Matokeo yake wanasema walewale sita waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza, na aliyelala njaa bwenini anakaa kimya kwa kuogopa kuchekwa. Mazoezi ya Kiingereza yana midahalo yake; baraza liwe kwa Kiswahili.

Ya tatu ni sanduku la maoni. Hutundikwa nje ya ofisi ya walimu, ufunguo anao mwalimu wa nidhamu, na karatasi zinasomwa na watu wanaosahihisha madaftari ya wanafunzi hao kila wiki. Mwandiko wanaujua, kwa hiyo usiri haupo. Rekebisho lake ni rahisi: sanduku likae karibu na maktaba au vyoo na liwe na kufuli mbili. Ufunguo mmoja awe nao mwalimu wa ushauri nasaha, wa pili mwakilishi wa wanafunzi, na hoja zinakiliwe upya kwenye daftari kabla hazijafika ofisini.

Ya nne, na hapa ndipo penye uzito, ni fedha. Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari za serikali ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 600 ni milioni 15, yaani milioni moja na laki mbili na nusu kwa mwezi, hata kama zote zingefika kwa wakati. Humo mna karatasi, mitihani ya ndani, umeme na ukarabati. Wanafunzi wasioonyeshwa hesabu hii wataomba basi la shule, na mwalimu atacheka. Wakionyeshwa, huuliza mambo mengine kabisa. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 inahitaji matundu 15. Baraza likihesabu likakuta manane, tayari lina hoja ya kupeleka kwenye bodi, na bodi ina hoja ya kupeleka halmashauri. Kuna wakuu wa shule wanaohofia kwamba kubandika mapato na matumizi ni kukaribisha fitina. Naona ni kinyume: tetesi kwamba mkuu anakula hela hunawiri pale ambapo hakuna karatasi ukutani.

Utaratibu unaofanya kazi hauli muda mwingi. Kila mkondo uchague msichana mmoja na mvulana mmoja. Wiki moja kabla ya baraza, wawakilishi hao wapewe dakika 20 na darasa lao bila mwalimu kuwapo, warudi na hoja tatu tu. Katibu azigawe: zinazowezekana bila fedha, kama zamu za maji na saa za maktaba, zijibiwe palepale, zinazotaka fedha ziende bodi zikiwa na makadirio, zilizo nje ya uwezo wa shule, kama upungufu wa walimu, ziandikiwe barua kwa afisa elimu na nakala ibandikwe. Ndani ya siku 14 ubao wa matangazo uonyeshe kila hoja, jibu, sababu na jina la cheo kinachohusika. "Haiwezekani kwa sababu hii" ni jibu halali.

Lakini si kila jambo ni la baraza. Mwanafunzi anayeguswa na mwalimu kinyume cha maadili hapaswi kusimama mbele ya watu 600. Hilo liende kwa mwalimu wa ushauri nasaha, afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi au simu ya bure 116, na namba hiyo iandikwe ndani ya milango ya vyoo, mahali mtoto anasoma akiwa peke yake. Viboko navyo vina kanuni: visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kuandikwa kwenye daftari. Baraza lina haki ya kuuliza kama daftari hilo lipo, hata kama kesi ya mtu mmoja mmoja haijadiliwi hadharani.

Udhaifu usioisha ni uongozi wa mwaka mmoja. Wawakilishi wakishaelewa bodi inavyofanya kazi, mtihani wa kidato cha nne unawachukua. Kwa hiyo daftari la mihtasari libaki shuleni kwa katibu, wapya wakae na wa zamani vikao viwili kabla ya makabidhiano, na ajenda ya kwanza ya baraza jipya iwe hoja za mwaka uliopita ambazo bado hazijajibiwa.