"Mpira wapewe waliocheza mpira": Bulgaria waliwapa

Taifa Stars ikifungwa, pita kijiwe chochote cha Dar, utaisikia hoja ileile: mpira wapewe waliocheza mpira, yaani shirikisho liongozwe na wachezaji wa zamani. Naiheshimu hoja hiyo, maana inatoka kwa watu wenye uchungu na timu yao. Lakini ninaishi Sofia, kwenye nchi iliyoifuata mpaka mwisho, na nadhani yaliyowakuta wenzetu huku yanatuhusu.

Wengi wetu tunaijua Bulgaria kwa mechi ya Kombe la Dunia kule Dallas, Juni 1994. Nigeria iliichapa 3-0, Rashidi Yekini akafunga la kwanza na kuzing'ang'ania nyavu akilia. Bao la tatu lilikuwa la Emmanuel Amunike, yuleyule aliyekuja kutupeleka AFCON 2019 baada ya kuikosa kwa miaka 39. Kwetu habari ya Bulgaria iliishia pale. Kwao ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Walikuwa wameshakwenda Kombe la Dunia mara tano bila kushinda hata mechi moja, lakini baada ya kipigo kile wakaifunga Ugiriki 4-0, Argentina 2-0, wakaitoa Mexico kwa matuta. Robo fainali wakapewa Ujerumani, bingwa mtetezi. Matthäus wa Ujerumani akatangulia kufunga kwa penalti. Dakika ya 75 Hristo Stoichkov akasawazisha kwa mpira wa adhabu, na dakika tatu baadaye Yordan Lechkov, kipara chake kikimeremeta, akamruka Häßler na kuuzamisha mpira kwa kichwa. Bulgaria ikamaliza ya nne duniani, na Stoichkov akatwaa Ballon d'Or ya mwaka ule. Mtu yeyote wa Sofia aliyekuwa na akili zake mwaka huo atakueleza alikuwa wapi wakati bao la Lechkov linaingia, na atakueleza hata kama hujamuuliza.

Kipa na nahodha wa timu ile, aliyepangua matuta ya Wameksiko, aliitwa Borislav Mihaylov. Kama kuna mtu aliyestahili kupewa mpira kwa sababu aliucheza, ni yeye, na mwaka 2005 akawa rais wa shirikisho la mpira la Bulgaria. Miaka ikapita. Euro 2004 ndiyo mashindano makubwa ya mwisho waliyocheza. Sisemi yote ni ya mtu mmoja. Ukomunisti ulipoanguka, jeshi na wizara ya mambo ya ndani ziliacha kuzibeba CSKA na Levski, klabu mbili kubwa za Sofia, na pengo lile halijazibika vizuri mpaka leo. Ila miaka karibu ishirini ni mingi mno kuendelea kuwalaumu wakomunisti.

Oktoba 2019 Uingereza ilikuja Sofia ikashinda 6-0, na mechi ilisimamishwa mara mbili kwa sababu ya kelele za kibaguzi dhidi ya wachezaji weusi. Kwa sisi weusi tunaoishi huku, ile haikuwa habari ya michezo tu. Mihaylov alijiuzulu kesho yake. Lakini alirudi, na mwaka 2023 alikuwa yuko kwenye kiti.

Hapo ndipo mashabiki walipofanya jambo ninalotamani kuliona nyumbani. Levski na CSKA si watani, ni mahasimu. Fainali yao ya kombe mwaka 1985 iliishia kwa ngumi hata chama tawala kikazivunja klabu zote mbili na kuzibadilisha majina, na Mihaylov na Stoichkov wakafungiwa maisha kabla ya kusamehewa. Lakini Novemba 2023 mashabiki wa pande hizo walisimama pamoja barabarani, nje ya uwanja wa taifa, wakitaka uongozi uondoke. Vurugu na polisi zilizotokea usiku ule siziungi mkono hata kidogo. Ndani, Bulgaria na Hungary walitoka 2-2 bila mtazamaji. Baada ya hapo Mihaylov aliondoka.

Machi 2024 wajumbe wa shirikisho wakachagua rais mpya kati ya Georgi Ivanov na Dimitar Berbatov, wote waliocheza mpira. Ivanov akashinda.

Nikienda kutazama mechi ya kawaida ya ligi huku, nakaa na wazee wanaotafuna mbegu za alizeti, maganda yametapakaa miguuni, safu nzima za viti hazina mtu. Nawakumbuka watu wetu wanaoujaza Uwanja wa Mkapa kabla jua halijawa kali. Utajiri ule Wabulgaria hawana tena. Lakini nguvu yetu yote tunaimalizia kwenye Simba na Yanga, nani kamfunga nani, nani kabebwa na refa, na uchaguzi wa shirikisho unapita tukiwa bado tunabishana.

AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Mgombea akituambia alivaa jezi ya taifa, tumshukuru, halafu tumuulize: makocha wangapi wa watoto utawasomesha, mikoa ipi, kwa fedha ipi, na hesabu zake tutazisoma wapi? Na swali hilo waliulize wa Msimbazi na wa Jangwani kwa sauti moja.