Pwani, Nyambizi Hufa kwa Kukosa Muda

Wengi wanaocheza gemu za nyambizi hapa Kampala huogopa mwamba. Wakiona ramani imegeuka samawati hafifu wanapunguza mwendo, wanatia bildi (kupima kina) kila mara, na maadamu mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, haujagusa chini wanajiona salama. Halafu manowari moja ya kusindikiza inawakuta, na safari inaishia hapo. Kwa maoni yangu mwamba ni hatari ya pili. Kwenye maji ya kina kifupi nyambizi huuawa na ukosefu wa muda, kwa sababu muda wake wote unatoka kwenye kina.

Chukua nyambizi ya Kijerumani ya Type VIIC, inayojulikana sana na wachezaji wa gemu za Vita vya Pili vya Dunia. Manowari ikipita juu na kuangusha mabomu ya kina, bomu linazama kama mita 3 kwa sekunde. Ukiwa mita 150 chini, lina sekunde 50 za safari. Ukitembea noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa), yaani mita 2 kwa sekunde, utakuwa umeshasogea mita 100. Sasa uwe mita 25 chini: bomu linafika baada ya sekunde 8, nawe umesogea mita 16 tu. Chombo chenyewe kina urefu wa mita 67. Hata ukate usukani mapema, tezi, yaani nyuma ya chombo, bado iko palepale bomu lilipolengwa.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Sona, yaani kifaa cha kutafuta nyambizi kwa mwangwi wa sauti, kwenye manowari za zama zile ilielekezwa mbele, kwa hiyo ilikupoteza manowari ilipokaribia kukupitia juu. Ukiwa chini sana, inakupoteza ikiwa bado mbali, na hapo ndipo unapogeuka. Karibu na uso wa maji inaendelea kukushika hadi dakika ya mwisho. Nafasi yako ya kugeuka bila kuonekana haipo tena.

Anayevuka Ziwa Victoria kwa meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka, visiwa vya Ssese, anaelea juu ya ziwa lenye wastani wa kina cha mita 40, na pale lilipo refu zaidi ni kama mita 80. Simamisha Type VIIC wima kwenye mita hizo 40, na mita 27 za chuma zitachomoza juu ya maji. Mlango wa Dover, ambako wachezaji wengi hukimbilia kutafuta meli za mizigo, kina chake hakipishani sana na hicho.

Kosa la kugonga chini nalo lina hesabu yake. Periskopu ikiwa juu, mkuku uko kama mita 13 chini ya uso wa maji. Kwenye maji ya mita 25 unabaki na mita 12. Bonyeza amri ya kuzama kwa dharura, omo (mbele ya chombo) ikainama nyuzi 10: omo inashuka karibu mita 6 kuliko katikati ya chombo. Nusu ya akiba yako imeliwa kabla hata hujaanza kuzama! Amri hiyo haiulizi chini kuna nini. Ukiwa pwani, amri hiyo isahau kabisa. Andika kina unachokitaka mwenyewe, na ushuke kwa mwendo mdogo.

Angalia pia kipimo cha ramani. Pima, kipimo cha kina cha mabaharia, 10 ni mita 18 na kidogo, na anayesoma pima akidhani ni mita, au futi akidhani ni pima, atajua baadaye.

Kuharakisha saa ya gemu ndiko kunakopandisha wengi kwenye fungu la mchanga. Ukisafiri juu ya maji kwa noti 10 huku saa imeharakishwa mara 256, kila sekunde ya kweli ni kilomita 1.3. Geuka kupokea chai kwa sekunde 10, umeshamaliza kilomita 13. Karibu na nchi kavu usizidishe mara 8. Hifadhi mchezo ukiwa bado bahari kuu, juu ya maji, maana umeme wetu hauagi.

Torpedo nayo huzama kidogo inapotoka kwenye bomba, kabla ya kupanda hadi kina ulichoipangia. Ikifyatuliwa ukiwa karibu mno na mchanga, inajichimbia hapo hapo. Inua chombo kwanza.

Sikatai kwamba chini kuna faida. Kwenye tope au mchanga unaweza kulaza nyambizi, ukazima mota, na mwangwi wake ukachanganyika na wa sakafu ya bahari. Lakini itue ikiwa sawa, mwendo chini ya noti 1, na kabla hujaonekana. Ukilala wakati tayari wanakusikia, umewarahisishia kazi.

Nahodha Mjerumani Günther Prien alipoingia Scapa Flow, kituo cha manowari za Uingereza huko Uskoti, na nyambizi yake U-47 usiku wa kuamkia 14 Oktoba 1939, akazamisha manowari ya Uingereza HMS Royal Oak, aliingia na kutoka akiwa juu ya maji. Mle ndani njia ya kukimbilia chini haikuwepo, naye alijua. Kwa hiyo kabla ya kuvuka mstari wa mita 50, chora kwenye ramani njia ya kurudi kwenye mita 100, pima ni maili ngapi za baharini, kisha gawanya kwa noti 4. Jibu likizidi saa 2, mimi ningeiacha hiyo meli iende, nikaingoje nje ya bandari.