Walichukua Visu vya Bava, Wakaiacha Ardhi

Watu wakizungumzia filamu za kuchinjana zilizotoka Italia, hawachelewi kufika kwa mwongozaji Mario Bava, na wakifika kwake huanza kuhesabu maiti. Reazione a catena, aliyoitoa mwaka 1971, ina maiti 13. Hesabu ni sahihi, lakini inanikera, kwa sababu imeificha filamu ambayo kwangu ni mojawapo ya hadithi kali zaidi za mirathi zilizowahi kupigwa picha.

Tazama inavyoanza. Ni usiku. Bibi mzee tajiri, Countess Federica, anajisogeza kwenye kiti cha magurudumu ndani ya jumba lake kando ya ghuba. Kitanzi kinamwingia shingoni, kiti kinasukumwa, ananing'inia. Tunaona glavu nyeusi. Mtazamaji wa Kiitalia wa miaka ile alikwisha kuzizoea kutoka filamu za giallo, yaani za mafumbo ya mauaji, na alijua kazi yake ni kukaa hadi mwisho akikisia ni mikono ya nani. Bava anamnyima kazi hiyo. Anatuonyesha uso palepale: ni mume wa bibi. Hata hajaondoka chumbani, mume naye anachomwa kisu na mtu mwingine.

Fumbo limekwisha kabla ya kuanza, na swali linalobaki ni nani ataipata ghuba. Yupo binti wa yule mume, yupo mtoto wa bibi aliyezaliwa nje ya ndoa, yupo msanifu majengo anayetaka kuujenga ufuko wote, na kila mmoja ana hesabu zake. Italia ya wakati ule ilikuwa imetoka kwenye miaka ya ukuaji mkubwa wa uchumi, na saruji ilikuwa inameza fukwe zake. Kwa hiyo Bava hakuhitaji jini wala kichaa. Hati ya kiwanja ilimtosha.

Fedha hazikuwepo. Walipiga picha Sabaudia, mji wa pwani ya Italia, kwenye nyumba ya ufukweni ya mtayarishaji, Giuseppe Zaccariello, na Bava akashika kamera mwenyewe. Hadithi inataka msitu, na miti pale ilikuwa michache. Alichofanya ni kununua matawi kwa muuza maua, yakashikwa na kutikiswa mbele ya lenzi huku kamera ikivutwa juu ya kigari cha kuchezea cha mtoto. Ukiijua siri hiyo, itazame tena: bado utaona msitu. Ufundi huo ulikuwa wa nyumbani kwao. Baba yake, Eugenio, alikuwa mchongaji aliyetengeneza hila za kamera tangu enzi za sinema bubu. Majeraha yalifanywa na Carlo Rambaldi, yuleyule aliyekuja kupata Oscar kwa Alien na E.T.

Mapokezi yalikuwa mabaya. Filamu haikuleta fedha. Christopher Lee, aliyewahi kuigiza chini ya Bava, alichukizwa na alichokiona. Marekani waliizungusha kwa majina tofauti tofauti, mara Carnage, mara Twitch of the Death Nerve, na Uingereza ya miaka ya 1980 ikaiweka kwenye orodha ya kanda za video za kushtakiwa. Siwalaumu sana waliochukizwa. Pweza anayetambaa juu ya uso wa maiti si kitu cha kutazama ukiwa na sahani mkononi.

Ninaowalaumu ni waliokuja kunakili. Bava alifariki tarehe 27 Aprili 1980. Filamu ya Friday the 13th ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 9 Mei mwaka huohuo: maji, miti, vijana, visu. Sehemu yake ya pili, ya mwaka 1981, ikarudia hata wapenzi wawili wanaochomwa mkuki mmoja kitandani. Lakini vijana wa Bava hawafi kwa sababu ni vijana. Wanakufa kwa sababu mmoja wao, akiogelea, amegusana na maiti iliyofichwa majini, na siri ikitoka shamba linapotea. Ukiondoa shamba, kinachobaki ni zamu ya kuuawa.

Hapa itabidi nifichue mwisho. Yule binti na mume wake, waliowamaliza wapinzani wote, wanarudi kwa watoto wao wawili. Watoto wanachukua bunduki, wanawafyatulia wazazi, kisha wanakimbia kwenda kucheza ufukweni. Wengi husema Bava alitania tu, eti alikosa namna ya kumaliza. Sikubaliani nao hata kidogo. Tangu kitanzi kile cha kwanza, kila anayeua anamwachia mwingine njia ya kurithi, na warithi halali waliosalia ni hao watoto. Wazazi waliwaacha peke yao kwenye karavani usiku kucha ili wakaue kwa ajili ya ghuba. Asubuhi, ghuba ni ya watoto.