Usiniambie Kuni Nitachukua Mimi

Jumamosi iliyopita nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Mbezi ambaye wiki mbili kabla tulikuwa tumeshindwana bei. Ana mwembe nyuma ya nyumba, wa zamani, ukilikumbatia shina mikono haikutani. Tawi moja limelala juu ya paa, jingine limepenya hadi kwenye waya wa umeme unaotoka nguzoni kuja kwenye mita. Nilimwambia laki nne na nusu. Akanijibu, "Fundi, mti mmoja tu huo! Chukua laki, na kuni utachukua wewe." Nikamuaga kwa heshima, nikaondoka.

Safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. Alishapata vijana wa laki. Walikuja wawili na panga mbili, shoka moja na kamba ya manila. Mmoja akapanda na kuanza na lile tawi la juu ya paa. Tawi halikudondoka kama alivyotegemea. Lilichanika, likazunguka, likamfagia. Akaangukia ukuta wa matofali, nyonga ikavunjika. Ana miaka 19. Mzee alinisimulia hayo yote, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa njoo unimalizie, fundi. Ila unifikirie, hospitali nako nimetoa hela. Tufanye laki na nusu."

Nina miaka 14 kwenye kazi ya kukata na kupogoa miti hapa Dar, na maneno ya wateja nimeyazoea. Hayo ya Jumamosi yamenikaa kooni, na ndiyo maana naandika.

Wateja wetu wengi wanadhani wananunua kukatwa kwa mti. Wanaangalia mti, wanaangalia panga, wanapiga hesabu ya nusu siku ya kibarua, basi. Kinachouzwa ni kitu kingine kabisa: ni kuushusha ule mzigo kutoka juu bila kuvunja paa, bila kukata waya na bila kumzika mtu. Gogo bichi la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 2 linapita kilo 300. Liweke mita nane juu ya bati lako, halafu uniambie ni la laki moja.

Ngoja niifungue ile laki nne na nusu, maana wengi wanaamini tunapanga bei kwa kuangalia geti la nyumba. Vijana watano, kila mmoja 30,000 kwa siku, hiyo ni 150,000. Petroli na oili, 25,000. Mashine yenyewe, yaani msumeno wa mnyororo, inakula: mnyororo unaisha, ukigusa msumari uliopigiliwa mtini na mtu wa kamba ya nguo unakufa siku hiyo hiyo, tupa za kunolea nazo zinaisha. Natenga 30,000. Matawi hayatoweki yenyewe, ni tripu tatu za kirikuu, 35,000 kila moja, kwa hiyo 105,000. Tayari tumefika 310,000. Inabaki 140,000, na humo ndani kuna kamba za kupandia na za kushushia, mikanda, helmeti, siku ambazo simu haiiti, na mimi na wanangu.

Kamba peke yake ingetosha kuwa makala. Hii ya manila inayouzwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi ni plastiki. Jua linaila polepole bila kuonyesha, na ikisuguana na gome huku imebeba mzigo inapata moto na kuyeyuka. Nimewahi kuiona ikikatika kwa mlio kama wa kofi, tawi likaenda lilikotaka. Siku ile kwa bahati hakukuwa na mtu chini. Tangu hapo hakuna kijana wangu anayeninginia kwenye manila, na kamba ya kupandia ikipigwa na tawi au ikiguswa na msumeno naitoa kazini siku hiyo hiyo hata kama ni mpya. Hiyo ni hela inayotupwa, na lazima itoke kwenye bei.

Lakini linaloniuma zaidi ni fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, na mchango wa mwajiri ni nusu asilimia ya mshahara. Kwa wale vijana wangu watano wa 30,000, mchango wa siku hiyo ni shilingi 750. Haifiki bei ya sahani ya wali maharage. Kijana wa Mbezi angekuwa ameajiriwa na mtu aliyesajiliwa, matibabu yake na siku zake za kulala kitandani zingekuwa na pa kushika. Sasa hivi familia yake inapitisha daftari la michango mtaani, na mwenzake aliyekuwa anashika kamba chini amezima simu. Shilingi 750! Tunashindwa kuziweka kwenye bei kwa sababu mafundi wenyewe tumefundishana kwamba kazi hupatikana kwa kushuka. Mmoja akisema laki nne, wa pili anasema mbili, wa tatu anasema "nipe tu ya kula". Tumewapa wateja kisu wenyewe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila mteja ana laki nne. Nakubali pia kwamba wale vijana wa panga wana njaa kama wengine, na mimi mwenyewe nilianza na panga na ujana, nikapanda minazi na mikungu pekupeku kabla sijajua mkanda ni nini. Hakuna aliyenikataza. Nilipona, wenzangu wawili niliokuwa nao hawakupona salama. Kwa hiyo sitawaita vishoka kwa dharau. Namlaumu anayeona mti umelalia waya, anajua ni hatari, ndiyo maana hapandi yeye, halafu anamtafuta mtoto wa mtu wa kupanda kwa elfu hamsini.

Na hii ya kuni. Kuni mbichi za mwembe mama lishe hanunui mpaka zikauke, na za kukaushia mimi sina uwanja. Ukiniachia kuni umeniongezea tripu ya gari.

Kuna jambo jingine watu wanalikataa wakilisikia: mara nyingi kupogoa ni ghali kuliko kuangusha. Mti wa kuangusha ukiwa na nafasi, ni saa chache. Mti wa kupogoa unabaki, kwa hiyo kila mkato una hesabu yake: usiache kisiki cha tawi kikaoza, usikate hadi kwenye nyama ya shina, usiutoe majani mengi mara moja ukaudhoofisha. Wateja wanapenda kusema "kata kichwa chote". Mwembe uliokatwa kichwa unatoa machipukizi mengi kwa hasira, na yale machipukizi yameshikilia juu juu tu, huku kidonda chini yake kinaoza. Miaka michache baadaye yanakuwa matawi mazito yasiyo na mizizi ndani ya shina, na upepo wa kwanza wa maana unayashusha.

Mwaka juzi bibi mmoja wa Kinondoni aliniita kwa ajili ya mwarobaini uliokuwa umeinamia nyumba ya jirani. Jirani alitaka ung'olewe. Bibi alinishika mkono akanizungusha nyuma ya shina, akanionyesha chini: "Hapa kuna vitovu vya wanangu wanne, mwanangu. Ukiung'oa huu, utanizika na mimi." Tulifanya siku mbili nzima, tawi kwa tawi, tukaurudisha mti ndani ya ua wake, na jirani akaridhika. Alilipa kwa mafungu matatu, la mwisho akaja nalo mwenyewe kwa miguu. Hakuwa tajiri kuliko mzee wa Mbezi. Alijua thamani ya alichokuwa anakinunua.

Mengine kwa ufupi. Umeme: waya wa nyumbani una volti 230 na unaua, ule wa juu ya barabara unaweza kuwa na 11,000 au 33,000, na huo si lazima uuguse, tawi lenye maji linatosha. Sipandi mpaka TANESCO wamezima, hata kama itanigharimu siku. Kibali: anza na ofisi ya serikali ya mtaa kabla hujawasha mashine, usije ukasimamishwa kazi tawi likiwa nusu. Msimu: ita fundi Januari au Februari, kabla ya masika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotua Mafia na upepo ukafika mpaka huku, tulipokea simu za watu waliokuwa wameahirisha tangu mwaka uliotangulia, na baadhi yao mti ulikuwa umeshaingia sebuleni.

Kwa yule mzee nilikwenda Jumatano. Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba bei ni ile ile, nusu kabla mtu hajapanda, na kwamba umeme utazimwa kwanza. Mkewe ndiye aliyeingia ndani akaleta hela.

Nilipanda mwenyewe. Kwenye panda ya lile tawi nilikuta mikato ya panga la yule kijana, mingi, mifupi, yote upande wa juu. Upande wa chini hakuna hata mmoja. Tawi zito huanzwa kwa chini kwanza, kama theluthi ya unene wake, ndipo unakuja juu, ili likiondoka lisichane gome na kuzunguka. Ni jambo la kumwonyesha mtu kwa dakika tano, na yeye hakuwahi kuonyeshwa.

Tulimaliza saa kumi jioni, bati zima. Kamba yao ya manila ilikuwa bado inaning'inia kwenye tawi la pili, imebabuka katikati. Niliishusha, nikaikata vipande vifupi kabla hatujaondoka, asije mwingine akaikuta akaifunga kiunoni.